KONA YA MWALIMU: Laptopu ikilia kama jenereta, tazama feni kwanza

 Sisi ni walimu wa kujitolea wa darasa la jioni la kompyuta la hapa Nakivale. Mwezi uliopita tuliongea juu ya betri za sola na maji yake, na tunawashukuru wote waliotufuata na maswali, hata wale waliotukamata kwenye foleni ya maji na jerikeni kichwani. Mwezi huu tunajibu swali moja tu, kwa sababu limekuja kwetu mara nyingi na limewala watu pesa.

Swali lenyewe lililetwa na mama mmoja wa Juru. Alikuja jioni na laptopu imefungwa ndani ya kitenge, kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa. Akatuambia: "Mwalimu, hii mashini iko nanimaliza. Ikiwaka, dakika kumi tu, inazimika. Na iko napata moto kama mbabula. Bana banasema ni virusi." Tukamuuliza imeanza lini. Akasema tangu kiangazi kianze, lakini kelele ilikuwepo zamani.

Laptopu ile si ya kuchezea. Kijana wake wa kwanza ameweka meza karibu na senta, anatia nyimbo na filamu kwenye simu za watu, anachapa barua, anasafisha picha. Kutoka kwenye meza ile ndiyo inatoka sabuni ya nyumba, na ndiyo wanalipia masomo ya wadogo zake wawili wa kike. Tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2023 na kuendelea, wengi mnajua nyumba inayotegemea meza kama hiyo inavyoishi. Mashine ikizima katikati ya kutia nyimbo, mteja anadai pesa yake na anaenda meza ya pili.

Kabla ya kuja kwetu walikwisha kwenda kwa fundi. Fundi hakuifungua mashine hata skrubu moja. Aliwaambia ni virusi, Windows imeharibika, akaiweka upya, akachukua shilingi elfu arobaini. Siku mbili mashine ikaonekana imepona, siku ya tatu ikazima tena. Wakarudi, akawaambia basi ni madabodi, walete laki moja na ishirini. Hapo mama akafunga kitenge chake akaondoka.

Sisi tuliifungua. Kati ya feni na zile mbavu za kutolea joto tulikuta vumbi limejishika likawa kama kipande cha blanketi, rangi ya udongo wa hapa hapa kwetu. Tulilitoa zima zima kwa kijiti cha meno. Mama alilishika kwenye kiganja, akaliangalia, akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Tunafikiri alikuwa anahesabu ile elfu arobaini.

Basi tueleze jambo lenyewe, ili lisimpate mwingine.

Ndani ya laptopu kuna prosesa, ndiyo ubongo wa mashine. Prosesa ikifanya kazi inatoa joto, na joto lile lazima litoke. Juu yake kuna bati dogo la shaba, na kutoka hapo linaenda bomba jembamba la shaba lililobanwa. Ndani ya bomba hilo kuna maji kidogo sana. Upande wa prosesa yale maji yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia upande wa pili penye mbavu nyembamba, unapoa, unakuwa maji tena na kurudi. Ni kama mvuke unaogonga kifuniko cha sufuria na kudondoka tena ndani. Kwenye zile mbavu ndipo feni inapuliza, hewa ya moto inatoka nje kupitia matundu ya pembeni au ya nyuma. Feni, ambayo wengine wetu tuliotoka Kivu tunaiita vantilateri, inavuta hewa mara nyingi kutoka chini ya mashine na kuisukuma pembeni. Mkikumbuka hilo moja, kwamba hewa inaingia chini na kutoka pembeni, mmekwisha kuelewa nusu ya habari.

Sasa mbavu zikizibwa na vumbi, feni inazunguka kwa nguvu zote lakini hewa haipiti. Ndiyo ile kelele ya jenereta. Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa mpaka wa joto karibu na nyuzi 100. Zikikaribia hapo zinajipunguza mwendo zenyewe ili zisiungue, na ndiyo maana mashine inakuwa nzito, mtu anasema virusi. Joto likizidi bado, mashine inajizima ghafla bila kuaga. Inajiokoa. Mtu akiiwasha tena papo hapo, na tena, na tena, anaichosha.

Hatusemi virusi hakuna. Kuna programu mbaya zinazofanya prosesa itumike muda wote hata wewe hufanyi kitu, na feni inalia kwa sababu hiyo. Ukiwa na Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona ni nini kinachokula prosesa. Kama hufanyi chochote na namba inakaa juu ya 80 au 90 kwa muda mrefu, hapo kweli tafuta programu hiyo. Lakini kama namba iko chini na mashine inaungua, usitoe pesa ya Windows. Tazama feni.

Jinsi ya kupima bila kufungua

Mzazi yeyote anaweza kufanya hivi, hata kama hajawahi kushika bisibisi maishani.

Kwanza sikiliza. Laptopu nyingi za zamani zikiwashwa zinazungusha feni kwa nguvu sekunde moja au mbili, kisha zinatulia. Sauti ya hewa tu, kama mtu anayepuliza chai, si mbaya. Sauti ya kukwaruza, au tik-tik-tik, ni mapanga ya feni yanagusa kitu au beringi imekauka. Sauti ya kulia inayopanda na kushuka bila mpango, hiyo pia ni beringi. Na ukimya kabisa? Ukimya peke yake si ugonjwa, maana feni nyingine haianzi mpaka joto lipande. Weka filamu icheze dakika kumi, kisha sikiliza tena. Kama mashine ni ya moto na feni bado kimya, hapo kuna jambo. (Kuna laptopu chache nyembamba ambazo hazina feni kabisa tangu kiwandani. Kama huoni matundu ya hewa popote, usiumie kichwa.)

Pili, chukua kipande chembamba cha karatasi ya choo, kishike mbele ya tundu la pembeni. Feni nzima itakirusha nje. Kama karatasi inalala na huku unasikia feni inalia, basi mbavu zimeziba. Jaribio hili ndilo tunalipenda kuliko yote, kwa sababu halidanganyi na halina bei.

Tatu, mulika ndani ya tundu kwa tochi ya simu. Unatakiwa uone mbavu kama meno ya kitana na mwanga unapita. Ukiona ukuta wa kijivu, jibu umelipata.

Wenye kutaka namba wanaweza kutumia programu ya kupima joto. Kwenye Windows tunatumia HWMonitor, tunayo kwenye flashi ya darasa, mje mnakili bure. Kwenye zile mashine zetu za Ubuntu tunaandika neno sensors baada ya kuingiza programu ya lm-sensors. Mashine ikiwa imetulia, nyuzi 40 hadi 55 si neno. Ikifanya kazi ngumu, 70 hadi 85 tunavumilia kwa mashine ya zamani. Ikipita 90 na kukaa huko, usiahirishe. Laptopu ya yule mama ilisoma 97 huku inacheza wimbo tu.

Mahali tunapoweka mashine

Hapa tunaomba msamaha, tutasema mambo ya nyumbani kwa watu. Wengi tunaweka laptopu juu ya godoro, juu ya kitenge, juu ya mapaja yenye blanketi. Tumesema hewa inaingia chini. Godoro linaziba chini, basi feni inavuta nyuzi za blanketi badala ya hewa. Weka juu ya ubao, au juu ya sahani pana ya bati iliyogeuzwa. Sisi darasani tunaweka vizibo viwili vya soda chini ya pembe za nyuma ili mashine iinuke kidogo. Ni dawa ya bure, na tumeona inashusha nyuzi kadhaa.

Jambo la pili ni jiko. Vumbi kavu linatoka kwa brashi, lakini vumbi lililochanganyika na moshi wa kuni na mvuke wa mafuta ya kukaangia linakuwa kama gundi. Mashine tunazozifungua kutoka nyumba ambako jiko na kitanda viko chumba kimoja zinatuchukua muda mara mbili. Tunajua si kila mtu ana vyumba viwili. Lakini wakati wa kupika mashine inaweza kuzimwa na kufunikwa na kitambaa, ikiisha kupoa.

Na joto la nyumba yenyewe. Feni haitengenezi baridi, inasukuma tu hewa iliyopo. Saa nane mchana chini ya shitingi au mabati, hewa yenyewe ni ya moto, feni itafanya nini? Kazi ngumu kama kugeuza filamu, mwachieni kijana aifanye asubuhi au usiku.

Kufungua

Sasa tunaongea na vijana, na wazee wenye mkono mtulivu. Tutasema wazi: kama hujawahi, usianze na mashine inayolisha nyumba. Njoo kwanza ufungue na sisi zile maiti tulizonazo darasani.

Zima mashine kabisa, siyo kuilaza. Chomoa chaja, toa betri. Kama betri iko ndani, basi ukishafungua kifuniko cha chini, kitu cha kwanza ni kuchomoa plagi ya betri, kabla ya kugusa kingine chochote. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi, umeme uliobaki uishe. Na tafadhali sana, kama betri imevimba, imeinua kibodi au kifuniko, usiibonyeze, usiitoboe, usijaribu kuipasua kwa kisu. Betri hizo zinaweza kuwaka moto. Acha, njoo utuite.

Tumia bisibisi ndogo ya nyota inayokaa sawasawa kwenye skrubu. Ikiwa inateleza, acha, maana ukila kichwa cha skrubu hutaitoa tena. Skrubu nyingine zinajificha chini ya miguu ya mpira. Na hapa ndipo watu wengi wanaharibu: skrubu hazilingani urefu. Ukirudisha ndefu mahali pa fupi, inaweza kutoboa hadi juu au kugusa madabodi. Sisi tunachora umbo la mashine kwenye karatasi ya daftari, na kila skrubu tunaichomeka kwenye karatasi mahali ilipotoka. Mwanafunzi wetu mmoja, msichana wa miaka kumi na minne, ndiye aliyetufundisha hilo. Sisi walimu tulikuwa tunaziweka zote kwenye kikombe.

Kufungua vishikizo vya plastiki tumia kadi ya zamani ya simu, siyo kisu.

Ndani, feni ni rahisi kuitambua. Inashikwa na skrubu mbili hadi nne na plagi ndogo yenye waya tatu au nne: mbili za umeme, moja ya kuipa mashine habari za mwendo, na ya nne, ikiwepo, ya kuamuru mwendo. Plagi hiyo ndiyo tunataka kuwaeleza polepole, kwa sababu imetuumiza.

Mwaka wetu wa kwanza darasa lilikuwa na laptopu kumi, zote za kupewa, zote zimezeeka kwa watu wengine kabla ya kufika kwetu. Moja ilianza kulia. Tuliifungua kwa furaha, tumeangalia video moja tu kwenye simu, tukaona tumekuwa mafundi. Tulipofika kwenye plagi ya feni tulivuta waya. Plagi ilikuwa imeganda, ikatoka na tundu lake kutoka kwenye madabodi. Tangu siku hiyo mashine ile ikiwashwa inaandika kwamba feni ina kosa, kisha inazima. Ndani yake kulikuwa na maswali ya marudio ya watahiniwa wetu, tulikuwa tumeyachapa wiki tatu, na hatukuwa na nakala nyingine. Diski ilikuwa nzima, lakini sisi wakati ule hatukujua kwamba inaweza kutolewa na kusomwa kwenye mashine nyingine. Watahiniwa walirudia kwa kusikiliza na kuandika kwa mkono, jioni kwa jioni, mshumaa na tochi. Hawakutulaumu mbele yetu. Tulibaki na mashine tisa kwa wanafunzi zaidi ya arobaini.

Basi plagi ya feni haivutwi kwa waya. Isukume kwa kucha mbili kutoka pande zote, kidogo upande huu, kidogo upande ule, mpaka itembee yenyewe.

Kusafisha

Toa feni, utaona lile blanketi tulilolisema kati yake na mbavu. Litoe kwa kijiti cha meno au kibano. Ndiyo maana kupuliza kutoka nje bila kufungua si dawa kamili: unalisukuma blanketi lirudi ndani ya mapanga, na kesho liko pale pale. Kwa vumbi jepesi inasaidia, kwa vumbi la miaka mitano hapana.

Mbavu zisafishe kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, au mswaki laini mkavu, ukifuata njia ya mbavu, usizikunje. Kisha puliza. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Sisi tunatumia pampu ya baiskeli, na ni nzuri kuliko mnavyofikiri. Ile mashine ya upepo ya mafundi wa matairi ina nguvu sana na wakati mwingine inatema maji. Unapopuliza feni, ishike mapanga yake kwa kijiti yasizunguke. Tunaona vijana wanapenda kuisikia inavyolia kwa upepo, kumbe ikikimbizwa hivyo beringi inaumia, na kama bado imechomekwa, inageuka dainamo ndogo na kurudisha umeme kwenye madabodi.

Mapanga yenye gundi ya moshi yafute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo na spiriti ya dukani, ile ya kusafishia vidonda. Acha ikauke kabisa kabla ya kurudisha.

Kisha zungusha feni kwa kidole. Izunguke laini, iendelee kidogo yenyewe, isiyumbe. Ikikwama au kukwaruza, kuna feni zenye stika katikati ambayo chini yake kuna tundu la beringi. Inua stika polepole, tia tone moja la mafuta ya cherehani, moja tu, rudisha stika. Mafundi cherehani wetu wa sokoni Isangano watakupa tone hilo bure ukiwasalimia vizuri. Mafuta ya kupikia hapana, yanageuka gundi. Vaselini hapana. Kama chini ya stika hakuna tundu, usitoboe. Na tone hilo ni la kusogeza siku tu. Feni iliyokwisha kulika, yenye kuyumba, inataka kubadilishwa.

Ukienda kununua, Mbarara au Kampala, au ukimtuma mtu wa boda, usitaje tu jina la laptopu. Mpe feni ya zamani mkononi. Alinganishe namba iliyoandikwa juu yake, idadi ya waya, umbo la plagi, mahali pa skrubu, na volti, ambazo kwa feni nyingi za laptopu ni 5. Mashine za jina moja zinaweza kuwa na feni mbili zisizolingana.

Juu ya ile dawa ya kijivu

Kati ya prosesa na bati la shaba kuna pesti ya kijivu au nyeupe inayopitisha joto. Kwa mashine ya zamani mara nyingi imekauka kama chokaa. Ushauri wetu hapa si wa wote: kama huna pesti mpya mkononi, usinyanyue bati hilo. Ukilinyanyua tu, pesti ya zamani imevunjika na haiwezi kurudi kama ilivyokuwa. Kwenye laptopu nyingi feni inatoka bila kugusa bati. Kwenye nyingine vimeungana, basi tafuta pesti kwanza, ndipo ufungue.

Ukiwa nayo, futa ya zamani yote kwa spiriti pande zote mbili, weka mpya kama punje moja ya mchele katikati, shusha bati. Skrubu zake mara nyingi zimeandikwa 1, 2, 3, 4. Zikaze kwa mpangilio huo, kidogo kidogo, siyo moja mpaka mwisho. Wapo vijana wanaotia dawa ya meno. Tumeijaribu pia, hatuwafichi. Siku za kwanza joto linashuka kweli, mnashangilia, halafu inakauka na mnarudi pabaya kuliko mwanzo.

Ile mashine ya Juru haikuhitaji pesti wala feni mpya. Tulitoa blanketi, tukasafisha, tukatia tone la mafuta, tukafunga. Wimbo ule ule ukasoma nyuzi 62, na filamu ikifika 78. Kijana mwenyewe ndiye aliyerudisha skrubu, sisi tulimshikia tochi. Sasa wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, anafanya jaribio la karatasi kila Jumapili na kufungua mara moja kwa miezi miwili. Wakati wa mvua anaacha mpaka karatasi ilale.

Mama alirudi wiki iliyofuata na ndizi. Alituuliza kama aende kumdai fundi ile elfu arobaini. Tulikaa kimya, maana fundi yule naye ana watoto na tunapanga naye foleni moja. Tulimwambia aende na lile blanketi la vumbi kwenye karatasi, amwonyeshe tu, amwulize kwa upole kama siku ile aliliona. Alikwenda. Pesa hakurudishiwa, lakini fundi alimwambia ampelekee yeye mashine inayofuata, ataifungua bure. Mama anasema anafikiria.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu tuko darasani kuanzia saa tatu asubuhi. Leteni laptopu, betri ikiwa haijavimba, na kila mmoja aje na mswaki laini wa zamani, mkavu, na ukurasa mmoja mtupu wa daftari. Pampu ya baiskeli tunayo moja, inavuja, mwenye nyingine atuazime. Kabla ya kuja nakilini kazi zenu zote kwenye flashi, hata kama mnatuamini.